Kijana na Kazi: Mpira wa Ekseli Haufi Bure

Ndugu msomaji, na zaidi ninyi vijana wa garaji, mwezi huu tuzungumze juu ya ile mashini ndogo ya kubeba udongo, yenye watu wengi wanaita Bobcat.

Ilizaliwa Marekani. Katika mwaka 1957, ndugu wawili wa Minnesota, Cyril na Louis Keller, walitengeneza mashini ya magurudumu 3 ya kusafisha banda la batamzinga. Katika 1960 ikaja ya magurudumu 4. Magurudumu yake hayageuki kama ya kamyo. Upande mmoja unakwenda mbio kuliko mwingine, na mashini inapinda kwa kuyakokota chini. Basi kila kona inasukuma ekseli kwa ubavu. Shika neno hilo.

Katika nyingi za mashini hizo, kila upande kuko sanduku la minyororo lenye mafuta. Motere ya idroliki inavuta minyororo, nayo inazungusha ekseli. Pale ekseli inatokea inje kuko pete ya mpira: inazuia mafuta yasitoke, inazuia matope yasiingie. Ukiona mafuta ndani ya rimu, pete hiyo imeshindwa.

Fundi wa haraka anatoa mpira wa zamani, anapiga mupya, anapokea makuta. Kisha siku chache mafuta yanatoka tena. Shefu anasema fundi ni mwizi, fundi anasema duka limemuuzia mpira mubaya. Hakuna aliyeuliza: ule wa kwanza uliuawa na nini?

Wewe uulize mambo 4.

1. Pima mafuta ya sanduku. Kama yamepanda na hakuna mtu aliyeongeza, mafuta ya idroliki yanapita kwenye motere na kuingia ndani. Ugonjwa uko kule.

2. Inua mashini, iweke juu ya magogo magumu, shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza, rulemani zimechoka. Ekseli inayocheza itakula kila mpira utakaoweka.

3. Tafuta waya au kamba iliyojizungusha kwenye ekseli. Inakata mpira sawa kisu.

4. Pitisha ukucha kwenye chuma, pale mpira unagusa. Ukucha ukikwama, kuko mfereji. Ekseli ibadilishwe, ao ivikwe pete nyembamba ya chuma.

Kisha safisha vizuri, paka grisi kwenye mdomo wa mpira, uelekeze mdomo ule ndani, upande wa mafuta. Sukuma sawasawa kwa bomba lenye upana wa pete yenyewe. Ukipiga nyundo upande mmoja, pete inakaa mshazari na mafuta yatapita.

Mafuta ya zamani uyaweke katika bidoni. Usiyamwange kwenye mtaro, maana maji ya mtaro yanafika pale mama zetu wanafulia.

Na hili usilisahau: mbele ya kuanza, zima mashini, toa ufunguo. Usiingie chini ya mikono iliyoinuliwa bila kuweka chuma chake cha kuifunga. Usiingie chini ya mashini inayoshikwa na kriki peke yake. Tajiri anaweza kununua mashini ingine. Mama yako hatapata mtoto mwingine sawa wewe.

Kuko siku utaona mfereji kwenye ekseli, na shefu atakuambia: «Funga tu, kazi inangoja.» Mwambie kwa heshima, mbele ya kufunga, kwamba mafuta yatatoka tena. Akikulazimisha, iandikwe katika kitabu cha kazi. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi jioni na makuta kidogo juu ya kusema kweli, msimchekelee. Mpira ni wa bei ndogo, ekseli ni ya bei kubwa. Jina la fundi halina duka linapouzwa.