Mawimbi Hayafifii, Yanayumba

Wapenzi wa lugha, leo naomba kulipinga neno moja. Tunapoeleza jinsi mawimbi ya redio yanavyopanda na kushuka nguvu yakielekea kwenye simu zetu, neno linalotujia upesi ni kufifia. Naliona halifai. Rangi ya kanga hufifia, wala hairudi. Wimbi la redio hugonga kuta, mabati na magari, likafika kwa njia nyingi. Sehemu zake zikikutana huongezeana nguvu au hufutana. Sogea sentimita chache tu, hali hubadilika.

Yupo atakayependelea kupwa na kujaa. Picha ni nzuri, lakini bahari ina saa zake na mvuvi huzijua. Mabadiliko haya hayana saa. Hukadiriwa kwa takwimu. Kwa hiyo nachagua kuyumba.

Je, huu ni ubishi wa maneno matupu? Hasha. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina uwezo wake, yaani kikomo cha habari zinazoweza kupita bila makosa. Kwa antena moja kila upande, mawimbi yakiwa tayari na nguvu, ukiongeza nguvu maradufu unapata takriban biti 1 tu zaidi kwa sekunde kwa kila hezi. Mwaka 1995 Emre Telatar, na mwaka 1998 Gerard Foschini na Michael Gans, wote wa Bell Labs, walichambua antena nyingi pande zote mbili, kila njia ikiyumba kivyake. Kwa antena 4 kwa 4, nyongeza ile ile ya nguvu huleta takriban biti 4. Sababu ni kwamba njia hazifanani, hivyo kipokezi kinachozijua huweza kutenganisha jumbe zilizotumwa kwa pamoja. Zingefanana zote, faida hiyo ingepotea.

Kumbe kilichodhaniwa kasoro ni mtaji. Mwanafunzi aliyefundishwa kufifia atauelewaje mtaji huo, ilhali neno lenyewe limemwambia kuna hasara tu?

Tena, njia ikiyumba, uwezo nao huyumba. Namba moja haitoshi. Upo uwezo wa wastani, unaomfaa ambaye ujumbe wake ni mrefu hata ukapitia hali nyingi. Upo pia uwezo wa mkatiko: kasi ambayo njia hushindwa kuibeba, tuseme, mara 5 tu katika 100. Nimechagua mkatiko kwa sababu watu wamekwisha kusema mtandao unakatika. Tusiyachanganye mawili haya. Wastani waweza kupendeza kwenye ripoti, huku anayempigia mkunga usiku hapati mtu.

Mwenye neno bora kuliko kuyumba na alilete. Sharti langu ni moja: liwe neno linalokubali kwamba kilichoshuka chaweza kupanda tena.