Miezi Mitatu Lodwar: Msafiri au Mkaazi?



Mzazi mmoja ametuletea suala ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za Pwani. Mwanawe, anayesoma chuo kikuu, amepata kazi ya likizo mjini Lodwar kwa muda wa miezi mitatu. Kijana ameshafika, na apigapo simu husema kuwa Swala za rakaa nne anaziswali mbili, kwa sababu yeye bado yuko safarini. Mzazi auliza: je, yafaa?

Jibu la hukumu ni fupi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, safari yake hukatika pale anapofika. Kijana alikuwa msafiri tangu alipoyapa mgongo majengo ya Mombasa. Alikuwa msafiri Nairobi alipolala usiku mmoja, na msafiri Kitale alipobadilisha gari. Alipoteremka Lodwar na nia ya miezi mitatu moyoni, akawa mkaazi. Basi Swala yake ni rakaa nne, na zile alizozipunguza tangu kufika azilipe. Saumu nayo ikimkuta huko, ni juu yake kama ilivyo juu ya mwenye nyumba.

Lakini wanazuoni wetu hawakuishia hapo, na hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Waliwagawanya waliomo mjini mafungu matatu: msafiri, mkaazi wa muda, na mwenyeji, ambaye haondoki kiangazi wala masika ila kwa haja. Kisha wakaja katika Swala ya Ijumaa, ambayo kwetu husimama kwa watu arubaini. Huyu mkaazi wa muda Ijumaa yamwajibikia, na akiiacha bila udhuru apata dhambi. Hata hivyo hahesabiwi katika wale arubaini. Wakiwapo wenyeji thelathini na tisa na yeye mmoja, hawajatimia.

Masala hii tumeifundisha miaka mingi, na kila tuifundishapo twaiona imebeba adabu nzima ya kuishi ugenini. Mji haukuhesabu, na haki zake zote ziko juu yako. Kijana wa mzazi wetu amelishika lile la kwanza akaliacha la pili. Kwa kuwa hahesabiwi, adhani hadaiwi.

Nasi watu wa Pwani yatupasa tulielewe hili kuliko wengine. Ni mara ngapi tumenung'unika barazani juu ya mgeni aliyeletwa na kazi, akakaa Mombasa au Lamu mwaka mzima, akala samaki wetu na kupungiwa na upepo wetu, kisha akaondoka hajui jirani yake aitwaje? Leo ni zamu yetu. Watoto wetu wanakwenda Turkana kama walimu, matabibu, mafundi na wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na huko wao ndio wageni. Wenyeji wa huko wana usemi mashuhuri: mtu atokaye Kitale au Nairobi humuuliza habari za "Kenya", kana kwamba ni nchi nyingine. Asiudhike anayeulizwa hivyo. Nchi ile ilisahauliwa muda mrefu, na ilipokumbukwa ilikumbukwa kwa kufichia watu: serikali ya kikoloni ilimweka Jomo Kenyatta Lodwar kutoka 1959 hadi 1961, baada ya kifungo cha Lokitaung, kwa kuwa ilikuwa mbali na macho ya watu. Hata baada ya uhuru, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko alipewa pole kama mfiwa.

Mji wenyewe sio ule unaotishiwa kina mama. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ya Turkana kuwa na watu 926,976, na Lodwar ndio makao yake makuu, kando ya mto Turkwel. Misikiti ipo, na mabucha ya Waislamu yapo. Tulipouzuru tulipokewa vyema na Waislamu wa kila asili, Wasomali, Waturkana na wengineo. Samaki huletwa kutoka Ziwa Turkana, tilapia na mbuta, wengine wamekaushwa wakatukumbusha ng'onda. Na mwana wa Lamu atakapoiona mikoma imesimama kando ya mto, na wanawake wakisuka makuti yake vikapu, atajua hakutupwa mbali sana na kwao.

Joto ndilo la kuzoea. Mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi, na halina unyevu wa bahari, hivyo mtu hukauka bila kujiona anatoka jasho. Kazi nzito ifanywe alfajiri. Kanzu nyeupe, ambayo vijana wetu huiacha nyumbani kwa kuona haya, ndiyo nguo iliyo sawa na jua lile.

Na maji! Sisi tumezoea kufungulia mfereji wa msikitini ukatiririka huku tukizungumza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, yaani ujazo wa viganja viwili, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Jirani yako anayechimba mchanga wa mto mkavu ili apate ndoo moja akikuona unatawadha kwa ndoo nzima, umeshamhubiria dini yako, na hukumhubiria vizuri.

Liko jambo ambalo wengi hawalitanabahi. Ratiba ya Swala ya Mombasa haifai Lodwar. Mji ule uko magharibi yetu kwa nyuzi nne hivi za longitudo, na adhuhuri yake huchelewa yapata robo saa. Magharibi ya mwezi wa Juni huchelewa karibu nusu saa nyuma ya Mombasa. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Pwani anafuturu jua lingalipo. Kibla nacho si kile kile. Mombasa twaelekea kaskazini barabara, na Lodwar mtu hupinda mashariki kiasi cha nyuzi 12. Afuate msikiti wa pale.

Tumtazame Nabii Musa, amani imshukie. Alifika Madyan mgeni, hana kazi wala mwenyeji, na tendo lake la kwanza mjini lilikuwa kuwanyweshea mifugo wanawake wawili waliozuiwa na msongamano wa kisimani. Kazi na mke vilikuja baadaye, kwa mkataba wa miaka minane, na kama angetimiza kumi ni hiari yake. Nchi ya visima na mifugo ni ile ile. Kijana ajifunze kusalimu kwa "ejok" na kushukuru kwa "alakara", ayajue majina ya majirani zake, akazike wakifiwa. Wazee wa kike walovaa shanga na ngozi si maonyesho: kuinamisha macho ni bora kuliko kuinua simu.

Walio Kakuma, kiasi cha kilomita 120 mbele ya Lodwar, wana somo zito zaidi. Waandishi wa kigeni hupenda kudai kuwa Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali. Sisi tuliozaliwa na lugha hii hatulijui. Kambi ile ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan, na leo ina watu zaidi ya laki mbili wa mataifa mengi. Wako waliozaliwa humo, wakaolewa humo, na hawawezi kutoka bila ya karatasi ya ruhusa. Kijana wa miezi mitatu anapolalamika mbele yao kuwa amechoka na ugeni, na aangalie anamlalamikia nani.

Suala la binti kusafiri peke yake kwa kazi za namna hii, ambalo mzazi huyu pia aliligusia, lina maneno marefu, na tutaliandikia Ijumaa nyingine inshallah.

Lililobaki ni la wale wanaokaa katika makambi ya kazi nje ya miji, upande wa Lokichar na kwengineko. Wametuuliza kama wao kwa wao, wakiwa arubaini na zaidi, waweza kusimamisha Ijumaa. Kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, hapana, kwa kuwa hakuna mwenyeji hata mmoja kati yao, wataswali adhuhuri. Lakini ikiwa adhana ya mji ulio karibu huwafikia upepo ukitulia, basi imewawajibikia kwenda, nao wamuombe msimamizi ruhusa mapema, tangu Alhamisi.