Kupima Mabomba Si Kazi Duni

Wiki chache zilizopita wenzangu kadhaa wa Kidato cha Nne walitoa shauri kwamba kipindi cha maabara cha Alhamisi kiondolewe, ili tupate nafasi ya kurudia maswali ya mitihani iliyopita. Walisema kwamba kupasha maji moto na kuandika nyuzi za joto ni mchezo wa watoto. Mimi nalipinga shauri hilo, na ushahidi wangu nautoa mbali kidogo.

Huko kusini mwa Ufaransa mataifa mengi yanajenga mtambo uitwao ITER, ambao madhumuni yake ni kuunganisha viini vya haidrojeni, kama vinavyoungana ndani ya jua. Gesi hiyo sharti ipate joto la nyuzi milioni 150, na katika hali hiyo huitwa plazma. Sehemu ya joto italetwa na mawimbi ya maikrowevu yenye urefu usiofika milimita 2. Kila chombo cha kuyatoa kina nguvu ya kilowati 1,000. Lakini chombo hicho hakiwezi kukaa kando ya plazma. Mawimbi hayana budi kusafiri katika bomba la metali lenye upana wa milimita 50 tu, mwendo wa mita 100 na zaidi, pamoja na kona zake.

Hapo ndipo penye kazi. Ndani ya bomba mmechongwa mifuo myembamba sana. Viungo visipokaa sawasawa, baadhi ya mawimbi huacha njia yake na kugeuka joto katika kuta. Hata vumbi laweza kuzusha cheche. Tuseme sehemu moja tu katika mia imepotea: hizo ni kilowati 10, sawa na mabirika matano ya umeme ya kilowati 2 yakichemka pamoja, na bomba lenyewe haliruhusiwi kupinda! Ndiyo maana wataalamu wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, wamekuwa wakiyapima mabomba hayo kwa miaka.

Nao hujuaje kiasi kilichopotea? Kwa maji. Hupitisha maji ya kupoza, wakapima joto lake yakiingia na yakitoka. Nimefanya hesabu: kilowati 10 zikiingia katika maji yapitayo lita 1 kila sekunde, joto hupanda kwa nyuzi 2.4 hivi. Ni hesabu ile ile ya kalorimita tunayoicheka.

Muhula uliopita mimi mwenyewe nilipata jibu la ajabu, kwa sababu sikuyakoroga maji kabla ya kusoma kipimajoto. Kosa hilo sijaliona katika karatasi yoyote ya mtihani.

Nakubali kwamba mtihani u karibu, na wazazi wetu wanangoja matokeo. Basi maswali yale tuyarudie Jumamosi jioni, wakati ambapo wengi wetu tunakaa bwenini tukipiga soga. Alhamisi tuachiwe.