Tusidanganye Mizani

Kitabu cha Mithali kinalaumu mizani ya uongo ya wauzaji. Na mizani ya hospitali je? Siku ya kupima uzito, mmoja hakula tangu jana; mwingine amekunywa dawa ya kuendesha tumbo. Kilo mbili zimepungua, naye anafurahi. Lakini yaliyotoka ni maji zaidi. Akila na kunywa, zinarudi.

Mwenye ugonjwa wa sukari yumo katika hatari kubwa zaidi. Akichomwa sindano ya insulini bila kula, sukari ya damu inaweza kushuka mno, hata azimie. Tena akisema, "Nakula kidogo," kumbe sivyo, munganga atafikiri dawa haina nguvu, ataiongeza. Uongo huo unamwumiza mwenyewe.

Mimi naona heri kusema kweli, wala tusingoje mwujiza. Nusu kilo kwa juma yatosha. Mwenye kilo 100 akipunguza 5 tu, mara nyingi sukari na nguvu ya damu vinakuwa afadhali. Punguza bugali na mafuta ya mawese, acha sukari katika chai, tembea kwa miguu kila siku. Ukishindwa juma moja, usijifiche, njoo vilevile.

Majirani watasema, "Amekonda, ni mgonjwa." Waache. Lakini ukikonda pasipo kujaribu, njoo upesi tukupime.

Mungu anajua tulichokula jana. Basi, kwa nini tumfiche mwuguzi?