Huo Si Mchezo

Wahenga walinena: kusikia si kuona. Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa hesabu alichora ubaoni pia iliyokatwa kichwa. Mimi niliona mistari tu, na mtihani ulipokuja niliambulia sufuri.

Likizoni binamu yangu alinionyesha programu ya Blender, ambayo imekuwa huru kwa kila mtu tangu 2002. Ndani ya ulimwengu ule wa kompyuta unachagua umbo, mchemraba, tufe au mcheduara. Unalivuta, unalikata, unalitoboa, kisha unaligeuza ulione hadi chini. Nilipoikata pia kwa mkono wangu, ndipo nilipoelewa. Kumbe!

Wenzangu wengine husema huo ni mchezo wa kupoteza wakati. Hapana, jamani! Filamu ya Flow iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwa programu hiyo hiyo.

Chumba cha kompyuta hapa shuleni hufungwa saa kumi, nasi wa kutwa wengi hatuna kompyuta nyumbani. Walimu wetu wapendwa, tufungulieni saa moja tu kila juma. Seremala hajifunzi randa kwa kuichungulia dirishani.