Kidonda cha sezariene kiingie katika kontra

Bandugu wachimbaji, na zaidi ninyi bamama wenye kutungojea ku nyumba, siku hizi simu zimejaa habari ya seli za shina. Wanasema mama aliyepasuliwa ili mtoto atoke, akipigwa sindano ya seli hizo, kidonda kinapona upesi na alama haionekane. Ku sendika wanatuuliza: ni kweli? Sosiete italipa?

Seli ya shina ni kama mbegu ya mwili, inaweza kuzaa seli za namna mbalimbali. Ziko ndani ya uboho wa mifupa, na ndani ya damu ya kitovu. Mwaka 1988, ku Paris, daktari Éliane Gluckman na wenzake walitia damu ya kitovu cha mtoto muchanga ndani ya mwili wa kaka yake, aliyekuwa na ugonjwa mkali wa damu. Alipona. Kitovu ambacho sisi tunazika, wao wametoa dawa ndani yake. Hatucheki elimu ya namna hiyo.

Lakini ugonjwa wa damu ni jambo moja, kidonda cha sezariene ni lingine. Hapo wataalamu wangali wanajaribu, na sindano hiyo haijakuwa matunzo ya kawaida, hapa wala Ulaya. Mtu akikuomba dola kwa ajili yake leo, anakuuzia ahadi. Funga mufuko.

Kidonda cha muke wa mchimbaji hakiozi kwa kukosa seli za shina. Kinaoza kwa kukosa maji safi, pansema na antibiotiki. OMS inasema antibiotiki itolewe mbele ya kisu kugusa ngozi. Na kunawa mikono? Daktari Semmelweis aliionyesha faida yake ku Vienna mwaka 1847, bamama wakaacha kufa ovyo mikononi mwa madaktari. Elimu hiyo ni ya zamani kuliko mji wetu wa Lubumbashi, na bado mgonjwa anaambiwa alete maji yake mwenyewe.

Wazee wa Union Minière na wa Gécamines wanakumbuka maternite za kambi. Hazikujengwa kwa huruma, walitaka batoto wakomae wawe watu wa kazi. Lakini mama alitunzwa. Kisha 2003 wakaja na ile « départs volontaires », watu zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines, na matunzo yao yakatoka pamoja nao. Leo wengi wetu tuko ku sutretansi.

Mwenzetu mmoja wa sutretansi, muke wake alipasuliwa. Mwajiri alilipa operesheni. Siku ya tano kidonda kikatoa usaha, akarudi ku hospitali, wakamwambia pansema haiko ku bon. Bwana yake akakopa. Kidonda kikafunguka, wakampasua tena, deni likapita mishahara miwili, na mama akazuiliwa kitandani na mutoto wake mpaka makuta yapatikane. Mtu anazuiliwa kwa sababu amezaa!

Code du travail ya 2002 inampa mwajiri mzigo wa matunzo ya mfanyakazi pamoja na jamaa yake, na sutretansi ni mwajiri kama wengine. Mpango wa serikali wa kuzaa bure, ulioanzia Kinshasa Septemba 2023, tunaupokea kwa mikono miwili, lakini haufuti mzigo huo.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya convention collective hatuombi sindano ya seli. Tunaomba maneno matatu yaandikwe: « mpaka kidonda kifunge ». Neno « operesheni » peke yake linawapa nafasi ya kutuacha mlangoni siku ya tano.

Mwenye fakture ya pansema ao ya antibiotiki aliyolipa mwenyewe, hata ya franka kidogo, alete kopi kwa delege wake mbele ya mazungumzo kuanza. Jina tutalifunika.