UFUNDI WA NDEGE HAUPATIKANI UBAONI TU



Kijana wa Lorugum huona ndege tangu utoto wake. Huziona zikishuka Lodwar, husikia habari za zile ziendazo Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Wazee wake wakumbuka Lokichoggio, ambako tangu 1989 ndege zilichukua msaada kwenda Sudan. Lakini akitaka kuwa fundi wa ndege hana budi kufunga safari mpaka Nairobi, kwani karakana kubwa ziko huko, Wilson na Embakasi.

Safari si neno. Neno ni hili: akifika, afundishwe nini? Wapo wanafunzi wamalizao masomo wakijua kuchora injini ubaoni, na mkono haujapata kukaza hata parafujo moja. Na karakana nyingine ikimpokea mwanagenzi humpa ufagio, kisha humtuma chai.

Jambo hili ni la roho za watu. Tarehe 10 Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege moja ya abiria kiling'oka angani juu ya Uingereza, rubani akavutwa nje nusu mwili. Bahati njema alipona. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika parafujo 90 za kioo hicho, 84 zilikuwa nyembamba mno. Aliyezifunga alizichagua kwa macho, wala hakuwa mwanagenzi, alikuwa fundi wa siku nyingi. Basi desturi ya kufungua kitabu kwanza, kusoma namba ya kifaa na kuhesabu spana kabla ya kufunga kifuniko, hupatikana tangu mwanzo, kando ya fundi mwema. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Kwa ndege, hapana.

Tena kanuni za shirika la dunia la usafiri wa anga, ICAO, zataka mwenye kuomba leseni ya ndege nzima awe na kazi ya miaka 4, au 2 ikiwa amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Asiyepata karakana hapati leseni, na asiye na leseni hawezi kutia sahihi ndege iruke.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, chuo kisipokee wanafunzi wengi kuliko nafasi za karakana. Pili, mwanagenzi alipwe posho na awe na bima, maana wa Lorugum hana shangazi Nairobi wa kumlaza. Matajiri hulipa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi; fedha hiyo imfikie. Tatu, daftari lake la kazi litiwe sahihi kwa kazi aliyoifanya kweli, si kwa kufagia.

Nasi mafundi tusifiche ujuzi kwa kuogopa vijana. Aliyetufundisha hakutuficha.

Umoja ni nguvu.